Risasi ya shaba na risasi ya risasi: nilichokiona ndani ya jeli (uzi mrefu, una vipimo)

MvuviWaBara

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni kile kitokacho kwenye mtutu, na risasi pia ni yale madini laini, mazito, ya kijivu. Mimi niliyajua madini kabla ya bunduki. Marehemu babu yangu alikuwa mvuvi Takaungu, na alikuwa akiyayeyusha kwenye mkebe juu ya mafiga ya jikoni ili atengeneze chubwi za mishipi. Tulichuchumaa pembeni tukitazama yanavyong'aa kama maziwa. Hakuna aliyetufukuza. Hakuna aliyejua kuwa ni sumu.

Sasa niko Minnesota, Marekani, mwaka wa tisa. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo nimejifunza kuwinda huku ukubwani, kwa jirani mzee aliyenipeleka msituni kama mwanawe. Kila Novemba naingia msimu wa kulungu wenye mkia mweupe, na nikijaaliwa mmoja, friza inajaa nyama hadi Machi. Nyingi tunaisaga.

Mwaka jana binti yetu wa miaka miwili alipimwa damu, kama watoto wengi wa huku. Madini ya risasi yakaonekana, juu kidogo ya maikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu, ambacho tangu 2021 ndicho kiwango kinachowafanya wamfuatilie mtoto kwa karibu. Nyumba yetu ni ya kabla ya 1978, mwaka rangi zenye risasi zilipopigwa marufuku majumbani huku, kwa hiyo walianza na madirisha. Wakakuta rangi inayobanduka. Tumeirekebisha na kipimo kimeshuka. Lakini muuguzi aliniuliza swali moja ambalo halikuniacha nilale: "Mnakula nyama ya porini iliyopigwa kwa bunduki?"

Sisemi nyama ndiyo iliyomdhuru mwanangu, maana rangi ilikuwepo na ilionekana. Ila nilitaka kuona kwa macho yangu risasi ninayoitumia inakwenda wapi ikiingia kwenye mwili. Ndipo nikaingia kwenye habari ya jeli, inayopigwa risasi badala ya nyama.

Jeli yenyewe

Ni jelatini ya unga, ile itokanayo na ngozi na mifupa, iliyo ngumu kuliko ya keki, ikichanganywa na maji kwa kipimo maalumu. Kipimo kinachotumika sana ni asilimia 10: kilo 1 ya jelatini kwa lita 9 za maji. Majeshi ya NATO yamezoea asilimia 20 kwa nyuzi 10 za Selsiasi. Mimi nilifuata ile ya asilimia 10 kwa nyuzi 4.

Kazi yenyewe inataka subira ya mpika halua. Unanyunyizia unga juu ya maji baridi, unauacha unywe maji saa mbili hivi ndani ya friji, kisha unaupasha polepole kwa kuutumbukiza mkebe ndani ya maji ya moto. Usivuke nyuzi 40. Ukizidisha moto, jelatini inakatika nguvu na haitakuambia ukweli tena. Povu likipanda, matone machache ya mafuta ya mdalasini yanalituliza. Jiko letu lilinukia kama asubuhi ya Idi. Unamimina kwenye umbo la sentimita 15 kwa 15 kwa 40, unaweka kwenye baridi ya nyuzi 4 siku mbili.

Kabla ya kupiga kwa bunduki unalipima lile bonge. Unalipiga kwa gololi ndogo ya chuma ya milimita 4.5, kwa bunduki ya upepo, mwendo wa mita 180 hivi kwa sekunde. Gololi lazima isimame karibu na sentimita 8.5, ikipungua au kuzidi kwa sentimita moja. Bila hatua hii unacheza tu. Bonge langu la kwanza lilikuwa zuri kwa kutazama, limetakata kabisa, na gololi ikaenda sentimita 10.4. Nilikuwa nimelipasha kupita kiasi. Likaenda taka, nikaanza upya, siku tatu. Manne yaliyofuata yalisimamisha gololi kati ya 8.3 na 9.0.

Siku ya kupiga

Shamba la rafiki kaskazini mwa Brainerd, mwisho wa Oktoba, asubuhi ya nyuzi 3. Hali ya hewa yenyewe ilikuwa friji yangu. Nyuma ya meza kulikuwa na kilima cha udongo, watu wote nyuma ya mpigaji, miwani na viziba masikio. Meza mita 50 kutoka mtutuni, na mabonge mawili yamepangwa kimoja nyuma ya kingine, jumla sentimita 80.

Bunduki ni ile ile ya msimu, kaliba .308, yaani upana wa risasi kwa inchi. Aina mbili za risasi, zote kichwa (ile sehemu inayoruka) cha greni 150, yaani gramu 9.7. Ya kwanza ni ya kawaida: kiini cha madini ya risasi, koti la shaba, ncha laini iliyo wazi. Ya pili ni kichwa cha shaba tupu, chenye tundu mbele na ncha ya plastiki. Kipimamwendo kilisoma kati ya mita 838 na 851 kwa sekunde kwa zote.

Mlio ukapasuka, bonge likaruka juu ya meza kama samaki aliyetupwa sitahani, likatua limekaa upande. Simu yangu inachukua picha 240 kwa sekunde. Ilinasa picha mbili tu za lile vimbe: jeli imefura kama puto, kisha imejirudi. Huo uwazi mkubwa ni wa kupita, unadumu elfu chache za sekunde. Kinachobaki ni mfereji wenyewe na nyufa pembeni yake.

Ya madini ya risasi, mpigo wa kwanza: iliingia sentimita 3 hivi ikiwa nyembamba, ikafunguka, nyufa pana zaidi kati ya sentimita 8 na 20, ikasimama 47. Mpigo wa pili, 51. Nilipovitoa vichwa na kuvisugua kwa mswaki, vilikuwa vimekuwa uyoga mzuri kama kwenye matangazo. Nikavipima: gramu 6.1 na gramu 6.4.

Viliingia na gramu 9.7. Zaidi ya gramu 3 kila kimoja hazipo.

Ya shaba: sentimita 66 na 63. Vimefunguka petali nne, upana milimita 15 hivi, kutoka 7.8 ya mwanzo. Uzito gramu 9.6 vyote viwili. Kilichopungua ni ile ncha ya plastiki, niliikuta nzima ndani ya mfereji.

Gramu zilizopotea sikuziacha hivi hivi. Niliinua bonge kuelekea jua, nikaona kando ya mfereji kama pilipili manga iliyosagwa ndani ya uji, vidoa vyeusi vimetawanyika. Cha mbali zaidi nilichokipima kwa rula kilikuwa sentimita 8 kutoka kwenye mfereji. Nikayayeyusha mabonge kwa maji ya uvuguvugu, nikayachuja kwa kitambaa kizito, kama tunavyokamua tui kwa kifumbu. Kutoka jozi ya kwanza ilibaki gramu 2.8 kitambaani. Chembe kubwa sawa na chenga ya mchele, ndogo kama unga wa muhogo kati ya vidole. (Nilivaa glavu, na sufuria ile na kitambaa kile havitarudi jikoni tena.)

Nilikaa kwenye gari na ule unga mkononi, nikamkumbuka babu na mkebe wake.

Picha nitaziweka zikipungua ukubwa. Maswali karibuni.

---

KijanaWaGerezani (Kariakoo)

Mkuu, uzi umekwenda shule. Ila mbona ujisumbue siku zote hizo? Si ungepiga paja la ng'ombe la buchani ukaona moja kwa moja? Au magaloni ya maji kama wale wa kwenye video?

---

MvuviWaBara

Ndugu yangu, paja la ng'ombe halifanani na paja jingine. Hapa mfupa, hapa mafuta, hapa msuli umekauka. Risasi mbili zikitofautiana hujui ni risasi au ni paja. Jeli ni pishi. Pishi haikuambii ladha ya mchele, lakini pishi ya Lamu na ya Dar zikiwa sawa, tunaweza kuuziana bila kugombana.

Maji ni mazuri kwa kuona kichwa kinafunguka au hakifunguki. Lakini maji hayatunzi kumbukumbu. Yanamwagika, na mfereji umekwenda nayo.

Na kuna jeli nyingine angavu kama kioo, ya mafuta ya madini, haitaki friji na unaiyeyusha ukaitumia tena. Video nyingi wanatumia hiyo. Inapendeza machoni, ila risasi ile ile mara nyingi inakwenda kina tofauti na kwenye jelatini iliyopimwa. Kwa hiyo usichukue sentimita za huku ukazilinganisha na za kule.

---

Mwl_Nassoro

Naongeza historia kidogo, maana wengi wanadhani jambo hili lilianzishwa na watengeneza bunduki. Lilianzishwa na madaktari. Theodor Kocher, mpasuaji wa Bern, Uswisi, yule aliyepata Nobeli mwaka 1909 kwa kazi ya tezi la shingoni, ndiye aliyekuwa akipiga risasi kwenye jelatini, sabuni, udongo na mikebe ya maji mwishoni mwa karne ya 19. Alitaka kujua kwa nini askari wanaletwa na majeraha yanayopasuka hivyo, na alipigania risasi zisizoharibu mwili zaidi ya haja.

Miaka ile ile wanajeshi wa Uingereza walikuwa wakitengeneza risasi za ncha wazi kwenye karakana ya Dum Dum, karibu na Calcutta. Mwaka 1899 mkutano wa The Hague ukatoa azimio la kukataza vitani risasi zinazofunguka mwilini.

Hapo ndipo penye jambo la kutafakari: vitani zimekatazwa, kwenye uwindaji zinadaiwa. Kwa nini?

---

MvuviWaBara

Mwalimu, ahsante. Huku sheria ya Minnesota inasema wazi: risasi ya kulungu iwe ya ncha laini au ya kufunguka. Ya kijeshi iliyofunikwa koti zima inaweza kumpita mnyama kama sindano, akakimbia kilomita tatu akafe kichakani baada ya saa nyingi, na usimpate. Kwa binadamu vitani hoja ilikuwa kumtoa askari kwenye mapambano bila mateso ya ziada. Kwa mnyama hoja ni afe upesi, asiteseke. Huruma ni ile ile, imeelekea pande mbili.

---

Mstaafu_77 (Monduli)

Nimesoma kwa utulivu. Mimi nilitumikia jeshi miaka mingi. Tulipokuwa kuruta tuliambiwa risasi ya SMG (ndiyo AK) ikiingia tumboni inazunguka, inaweza kuingilia kiunoni ikatokea begani. Na ya M16 ya Wamarekani, wakasema inapinduka hata angani. Hiyo jeli inasemaje kuhusu maneno haya?

---

DaktariWaZamu

Shikamoo mzee wangu. Naomba nijibu hili, nimepitia kazi ya upasuaji wa majeruhi kwenye hospitali ya rufaa kwa miaka kadhaa.

Haipinduki angani. Mzunguko ambao kichwa kinapewa na mikato ya ndani ya mtutu unakifanya kiende kimenyooka. Lakini kichwa chenye ncha ni kizito zaidi nyuma, kwa hiyo kikiingia kwenye kitu kizito kama mwili, mzunguko ule hautoshi tena kukishikilia, na nyuma inataka kutangulia mbele. Kinalala ubavu. Hapo ndipo jeraha linapopanuka.

Mtu aliyetuchorea haya vizuri ni Martin Fackler, daktari wa jeshi la Marekani aliyepasua majeruhi Da Nang, Vietnam, mwaka 1968. Mwaka 1981 akaanzisha maabara ya majeraha ya risasi huko San Francisco, na jelatini ya asilimia 10 kwa nyuzi 4, pamoja na ile gololi, ni njia yake. Aliwapiga nguruwe waliotiwa usingizi, akapima, kisha akatafuta jeli inayofanana na misuli yao. Ndiyo maana kipimo hiki kina uzito.

Michoro yake inaonyesha risasi ya zamani ya AK, yenye kiini cha chuma, ikienda sentimita 26 hivi imenyooka kabla ya kulala ubavu. Paja la mtu mzima ni jembamba kuliko hapo. Ndiyo maana tunapokea majeraha ya paja ya SMG ambayo, kama haikugusa mfupa wala mshipa mkubwa, yana tundu dogo pande zote mbili na yanapona vizuri. Ile ya M16 ya wakati wa Vietnam inalala mapema, sentimita 12 hivi, na ikiwa na mwendo mkubwa inavunjika kwenye ule mkato unaozunguka kiuno cha kichwa cha risasi. Vipande vinatoboa msuli huku na huku, kisha ule uwazi wa kupita unauvuta msuli uliokwisha tobolewa, unachanika. Siri ilikuwa kwenye kuvunjika. Kasi peke yake haikutosha kueleza.

Hilo lilibadilisha kazi yetu. Zamani wapasuaji walifundishwa kukata nyama nyingi kuzunguka mfereji kwa sababu tu bunduki ilikuwa ya kasi. Fackler alilipinga hilo kwa nguvu. Msuli ni mnyumbufu, ukinyooshwa na kurudi mara nyingi unaishi. Ini ni jambo jingine, linapasuka. Kwa hiyo tunamtibu mgonjwa aliye mezani kwa jeraha tunaloliona.

Na habari ya kuingia kiunoni na kutokea begani: mtu anayepigwa hasimami kama mlingoti. Anainama, anakimbia, analala chini. Chora mstari mwili ukiwa umekunjwa, utaona mara nyingi umenyooka.

---

Mstaafu_77

Marahaba daktari. Miaka arobaini nimebeba maneno yale. Nashukuru sana.

---

Zuhura_M

Samahani wakuu, mimi nina wasiwasi na mada hii. Mnawafundisha watu namna ya kuchagua risasi inayoumiza zaidi? Tuna vijana humu.

---

MvuviWaBara

Dada Zuhura, wasiwasi wako ni wa haki na sitaupuuza. Nilichoandika ni namna ya kupima, na nilichopima ni risasi za kulungu zinazouzwa dukani, kwa ajili ya sahani ya watoto wangu. Vipimo hivi vimeokoa watu pia. Mwaka 1986, tarehe 11 Aprili, maofisa wawili wa FBI waliuawa Miami na wengine watano wakajeruhiwa, baada ya risasi moja kumpiga mhalifu mapema na kusimama kabla ya kufika moyoni. Aliendelea kupiga watu. Kutoka hapo wakaweka kanuni za kupima kwenye jelatini: isipungue sentimita 30, na isizidi sana, maana inayompita mlengwa inamkuta mpita njia. Nadhani ni bora jambo hili lijulikane kwa vipimo kuliko kwa hadithi za vijiweni.

---

BintiSeif (Muscat)

Assalaam alaykum. Swali langu liko nje kidogo. Nyama hiyo inakuwaje kwa upande wa halali, na je, kuna tofauti kati ya risasi hizo mbili?

---

MvuviWaBara

Wa alaykum salaam dada. Mimi si shekhe. Nilichofundishwa ni hadithi ya Adi bin Hatim, iliyo kwenye Bukhari na Muslim, alipouliza kuhusu kuwinda kwa mi'radh, fimbo ya kurusha yenye ncha: kilichochomwa na ncha ukile, kilichopigwa kwa ubavu kikafa usikile, hicho ni mauquudha, yaani kilichokufa kwa kipigo. Wanazuoni wengi wa leo wanaichukulia risasi ya bunduki kuwa inachoma na kutoboa, si ya kupiga kwa uzito. Nasema Bismillahi kabla ya kuvuta kifyatulio, na nikimkuta yungali hai namchinja. Kuhusu tofauti ya risasi hizi mbili, jeli inaonyesha zote zinatoboa. Ya shaba inatoboa kwa kina zaidi na inabaki nzima. Hukumu ni ya wenye elimu.

Ila kuna neno jingine ambalo mama yangu angeliongeza: chakula kiwe halali na kiwe twayyib, kizuri kwa mwili. Ule unga kitambaani haukuwa twayyib.

---

BabuRungwa

Mwanangu Mvuvi, nimefanya kazi ya kuongoza wawindaji Tanzania miaka zaidi ya ishirini, na nakupongeza. Nina mambo mawili ya kukuambia.

Moja, jeli haina bega. Haina ngozi ya nyati, haina matope yaliyokauka juu ya ngozi, haina mbavu zilizopishana kama vigae. Nimeona risasi iliyosifiwa ikisimama kwenye nyama ya bega la nyati dume, imepasuka vipande, na nyati anatutazama. Kwa wakubwa wale sheria yetu inataka kaliba isiyopungua .375, na kwa tembo unatumia kichwa kigumu kisichofunguka kabisa, kwa sababu ubongo uko mbali ndani ya mfupa wenye matundu kama sega la asali. Wale wazee wa zamani kama Bell wa Karamoja waliangusha tembo kwa bunduki ndogo ya milimita 7, lakini kwa kichwa kigumu, na kwa sababu alijua sehemu ya kupiga kama unavyojua mlango wa nyumba yako. Hakuna jeli itakayokufundisha hilo.

La pili, tumbusi. Ukimpasua mnyama porini unaacha matumbo. Nani anakula matumbo?

---

MvuviWaBara

Shikamoo Babu. La kwanza nimelipokea lote, na naomba nilikazie kwa wasomaji: zile sentimita 8 nilizopima kwenye jeli MSIZITUMIE kuamua mkate nyama kiasi gani. Jeli haina mfupa. Mwaka 2008 Idara ya Maliasili ya Minnesota ilipiga mizoga ya kondoo kwa risasi za aina nyingi, ikaipiga eksirei. Vipande vingine vya risasi vilikuwa sentimita 45 kutoka kwenye jeraha. Mwaka 2009 watafiti wengine waliwapeleka kulungu 30 waliopigwa kwa risasi za madini ya risasi kwa wakataji nyama wa kawaida. Kulungu 24 kati yao walikuwa na angalau pakiti moja ya nyama ya kusaga yenye vipande ndani. Kisha wakawalisha nguruwe nyama ile, na damu yao ikapanda madini.

La pili, Babu, umegusa donda la huku. Chuo Kikuu cha Minnesota kina hospitali ya ndege wawindaji, na kila mwaka inapokea tai wenye kichwa cheupe waliolishwa sumu ya risasi, wengi baada ya msimu wa kulungu. Tai anakula matumbo tuliyoyaacha. California walifika mahali mwaka 1987 wakawakamata makondo (ndege wakubwa wala mizoga, kama tumbusi) wote waliobaki porini ili wawazalishe wasitoweke, na sumu ya risasi ilikuwa miongoni mwa vilivyowamaliza. Tangu Julai 2019 kuwinda kwa risasi za madini hayo ni marufuku jimbo lote.

---

BabuRungwa

Marahaba. Tumbusi wetu wanauawa zaidi na sumu za kilimo wanazotiwa kwenye mizoga, lakini hilo la risasi nitalisema kwa wageni wangu msimu ujao. Wenye bunduki za .375 tayari wengi wanakuja na vichwa vya shaba.

---

KijanaWaGerezani

Basi kwa nini watu wote wasihamie shaba leo?

---

MvuviWaBara

Bei, kwanza. Boksi la vichwa 20 vya shaba linaweza kuwa karibu mara mbili ya yale ya kawaida. Kwa anayepiga risasi tatu kwa mwaka si kitu, kwa anayefanya mazoezi kila wiki ni mzigo.

Pili, shaba ni ngumu, inataka mwendo ili ifunguke. Jambo hili nililipima Jumamosi iliyopita na ndiyo maana nilikawia kujibu. Nilipunguza baruti hadi kipimamwendo kikasoma mita 530 kwa sekunde, kama vile risasi imekwenda mbali sana kabla ya kugusa. Ile ya madini ya risasi bado ilifunguka uyoga. Ya shaba ilifungua midomo kidogo tu, upana milimita 9, ikapita mabonge yote mawili na kuingia kilimani. Kwa mnyama, hiyo ingekuwa tundu jembamba na safari ndefu ya kufuata damu. Kwa hiyo mimi nimejiwekea mpaka: kwa bunduki hii na shaba hii sipigi zaidi ya mita 200. Msitu wangu wenyewe hauonyeshi zaidi ya 120, sipotezi kitu.

Tatu, bunduki nyingine haziipendi shaba. Yangu ilitawanya aina ya kwanza niliyojaribu, ikatulia kwa ya pili. Nunueni boksi moja kwanza, mpige kwenye karatasi kabla ya jeli na kabla ya mnyama.

---

Zuhura_M

Kaka Mvuvi, nimefuatilia mpaka hapa na nimejifunza. Naomba kuuliza: ile nyama ya mwaka jana iliyokuwa kwenye friza mliifanyaje? Na mtoto anaendeleaje?

---

MvuviWaBara

Mtoto yuko salama dada, alhamdulillah. Kipimo cha mwezi uliopita kilikuwa 1.9, na daktari wake amesema turudi baada ya miezi sita.

Nyama ilikuwa imebaki kilo 11, zote za kusaga. Mke wangu aliuliza kama tuwape mbwa wa jirani, nikasema hapana. Nilifikiria kuipeleka msituni, nikawakumbuka tai. Nimeifunga mara mbili kwenye mifuko mizito nikaitia kwenye pipa la taka lenye kufuli asubuhi ya siku ya gari la taka, nikasimama mlangoni hadi walipoichukua.

Mwaka huu nimepata dume mmoja, mita 70, shaba, nyuma ya bega. Alikwenda hatua kama thelathini akalala. Kichwa cha risasi sikukipata, kilimpita. Mapaja yapo kwenye friza, na safari hii nimesaga mwenyewe.